Shemeji na Sanduku la Mgeni

Shemeji yangu anadharau watu. Namzungumzia mke wa kaka yangu mkubwa, mwanamke aliyekuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na miwili, na naanza na dharau yake kwa sababu ningeanza na wema wake angenicheka mbele za watu. Anamdharau anayeingia maabara na kandambili. Anamdharau anayesema "karibia sawa" huku ameshika pipeti. Anawadharau madaktari wa falsafa wasiojua mlango wa friza unafungukia upande gani, anazidharau kamati za taasisi yetu, na anazidharau hata keki zinazoliwa kwenye kamati hizo. Kwa hesabu yangu, katika jengo lile la ghorofa tatu watu aliowaheshimu kwa moyo walikuwa wawili tu, na mmoja nilikuwa mimi.

Mimi ni mtunza stoo. Wakati ule stoo ilikuwa chini kabisa, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye rafu za chupa, maboksi ya glavu na mafriza manne yanayonguruma mchana kutwa. Kila kinachoingia kwenye friza nilikiandika kwenye daftari la jalada jeusi: kitu gani, siku gani, saa ngapi, halafu sahihi. Watu wa ghorofani waliniita Bwana Stoo. Shemeji peke yake ndiye aliyeniita shemeji hata mbele ya wageni, na akishuka kuchukua vitu hakosi neno.

"Shemeji, humu chini unazidi kupauka. Kaka yako akikuona atakupika akidhani wewe uyoga."

"Kaka alioa ulimi," namjibu, "akasahau kumwangalia aliyeubeba."

Anacheka, anachukua glavu zake, anapanda ngazi. Ndivyo tulivyoishi.

Alianza kazi akiosha vyombo vya kioo. Digrii hana, hata ya kuazima. Aliyekuwa akiangusha matone enzi hizo alikuwa na mkono unaotetemeka, na siku moja akamwomba mwosha vyombo amshikie pipeti kidogo. Hakurudishiwa tena. Mpaka leo wanamwita Mama Matone, na wako maprofesa wa vyuo vingine wanaojua jina hilo na hawajui la mkuu wake.

Kazi yenyewe nimeielewa kwa kuelezwa na yeye, taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzito wa kichwa. Maabara ile inachunguza protini zinazokula nukleotidi, chakula cha kila chembe hai, chenye mkia wa fosfeti tatu. Protini inakamata chakula, inang'ata fosfeti ya mwisho, inatema kisiki. Ili uone umbo lake vizuri ni lazima uigandishe iwe fuwele, kijiwe kidogo kuliko chembe ya chumvi, kisha ukipige miale. Lakini kitu kinachotafuna hakitulii, na kisichotulia hakipangiki. Kwa hiyo wataalamu huidanganya protini. Huipa chakula cha uongo, wenyewe wanakiita analogi, kinachofanana na cha kweli ila hakina pa kung'atika, ili ifumbe mdomo na kubaki hivyohivyo imekwama.

Analogi ziko nyingi. Iko ya naitrojeni, iko ya kaboni, iko ya salfa ambayo Shemeji anaiita msaliti, maana protini yenye subira huimaliza polepole huku wewe unadhani imekwama. Na iko njia aliyoipenda yeye: unaipa protini kisiki chenyewe, halafu unatia aluminiamu na floridi, vinakwenda kukaa palepale palipokuwa na fosfeti ya mwisho, na protini inaganda katikati ya kung'ata. Kuchagua kati ya hizo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kuosha vyombo. Shemeji husema anayechagua analogi kwa kuwa ina jina ni sawa na anayenunua viatu kwa kuwa vimemtosha jirani.

Alikuwa pia na desturi yake ya siri. Matone huangushwa kwenye sahani ya plastiki yenye visima tisini na sita, safu nane za visima kumi na viwili. Safu saba za kwanza alifanya alivyoagizwa. Safu ya nane ilikuwa yake, akitia humo kile alichoona yeye kinafaa, na kwenye kitabu anaandika "ziada". Hakuna aliyewahi kumuuliza ziada ya nini. Katika miaka yote ile fuwele zilizoipa taasisi sifa zilitoka safu ya nane mara tatu, na mara tatu zote Profesa alieleza kwenye hotuba jinsi alivyoliwaza jambo hilo akiwa anaoga.

Sasa huyo Profesa. Tulimwita Profesa Picha. Alikuwa hajashika pipeti kwa miaka kumi na moja, ila hakuna pipeti iliyopigwa picha pasipo mkono wake. Koti lake jeupe, ambalo kaka yangu fundi cherehani ndiye aliyelishona, lilining'inia nyuma ya mlango limepigwa pasi, na alilivaa kamera ikija tu. Ukimpelekea tatizo anakupa mfano wa nchi aliyosoma. Ukimpelekea jibu anakuuliza umemwambia nani mwingine. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe lenyewe halina cheo wala dereva. Huyu alikuwa navyo vyote viwili, na ndiye aliyetia sahihi kila karatasi iliyoamua nani akae na nani aondoke.

Mtu wa pili aliyeheshimiwa na Shemeji alikuwa mwanafunzi wa udaktari, binti mwembamba tuliyemwita Sweta kwa sababu alishinda ndani ya chumba cha baridi na sweta la kijivu lililomvuka viganja. Miezi kumi na minne alikuwa akiisafisha protini moja tu, kaidi, inayokufa ukiitazama vibaya. Mara tano ilimharibikia. Mara ya sita akapata tyubu moja, maji ya kujaza kijiko cha chai nusu. Ufadhili wake wa masomo ulikuwa unakwisha mwishoni mwa mwaka, na mwaka ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Fuwele ikitoka kwenye tyubu ile, anapata shahada. Isipotoka, anarudi kwao na barua ya kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa hapa.

"Huyu mtoto ana mkono," Shemeji aliniambia. "Na hana maneno. Mungu amemnyima ugonjwa wa jengo hili."

Ijumaa moja akaja mgeni, mtaalamu mkubwa kutoka nje, na zawadi mkononi: kisanduku cheupe cha boya jepesi la povu, kilichojaa barafu kavu, na ndani yake tyubu kumi za analogi ya naitrojeni iliyokwisha kuyeyushwa tayari kwa kazi. Jina la maabara yake limebandikwa juu kwa herufi za bluu. Nilipanda na daftari langu alasiri kukichukua. Nikakikuta mezani kwa Profesa, mbele ya dirisha, kifuniko kimegeuzwa ili jina lisomeke kutokea mlangoni.

"Kiache kwanza," akasema. "Jumatatu Baraza la taasisi linatembelea. Nataka wakikute hapa."

"Profesa, hivi havipendi joto. Friza ndiyo mahali pake."

"Barafu si ipo?"

Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inapotea hewani, na kwenye kisanduku kidogo kama kile Jumamosi jioni ilikuwa imeshapotea. Nililijua hilo. Mwosha vyombo anajua hilo. Nikashuka ngazi na daftari langu kwapani nikajiambia mwenye mali ndiye mwenye akili.

Jumanne asubuhi Profesa akashuka stoo mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona kule chini, na alikanyaga sakafu kwa uangalifu kana kwamba ingemchafua. Akaniwekea kisanduku juu ya meza. Nilishika tyubu moja, ilikuwa na joto la chai iliyosahauliwa.

"Tia kwenye friza," akasema. "Na uandike Ijumaa."

Nikamtazama. Yeye akatazama dari, ukutani, kote, halafu akatabasamu.

"Hivi siku zote unakaa bila dirisha? Kile chumba cha fotokopi ghorofa ya kwanza, cha kona, kiko wazi. Nimekuwa nikifikiri stoo ingekuwa na ofisi yake pale juu."

Hakunitisha. Laiti angenitisha leo ningekuwa na cha kujitetea, ningesema nilikuwa na watoto, nilikuwa na hofu. Alinionyesha dirisha tu. Nikafungua daftari, nikakuta mstari mtupu niliouacha Ijumaa, nikaandika: tyubu kumi, Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Hiyo nusu niliiongeza mwenyewe ili ifanane na kweli.

Alhamisi kukawa na kikao cha kuamua tyubu ya Sweta ipewe nini. Nilikuwemo kwa sababu projekta naitunza mimi. Profesa hakuuliza, alitangaza.

"Sahani nzima, analogi ya mgeni wetu. Visima vyote. Yeye mwenyewe atakuwa anaangalia picha kila siku kutoka kwake."

"Profesa," Shemeji akasema, "protini ya jamii hii tulishaigandisha kwa aluminiamu. Tugawe. Safu nne hizi, safu nne zile."

"Mama, analogi hii ndiyo inayotumika duniani."

"Duniani wana protini kwa ndoo. Sisi tuna tyubu moja."

"Kazi yako ni kuangusha matone."

"Ndiyo, Profesa. Na yakishaanguka hayarudi juu."

Watu wawili wakakohoa kuficha kicheko. Sweta alikuwa anavuta mikono ya sweta lake mpaka vidole vikapotea. Profesa akageukia ukuta na kuonyesha picha ya sherehe ya kumkaribisha mgeni, kisha kikao kikafungwa na keki ikaletwa. Shemeji hakuila.

Hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu safu ya nane ilikuwepo. Safari hii alikusudia kuiba hata ya saba, mgeni aangalie picha zake mpaka achoke. Lakini kabla ya kugusa tyubu ya mtu Shemeji hupima kila kitu, na mchana ule alichukua tone la analogi ya mgeni akaliweka kwenye kile kikaratasi kigumu cha kutenganishia, akakisimamisha ndani ya gilasi yenye dawa, kisha akakimulika kwa taa ya zambarau. Kitu kizima hukaa mahali pake. Kikivunjika, kisiki chake hukaa pengine. Aliona doa kubwa mahali pake, na pembeni doa jingine limepakaa, halieleweki. Kikaratasi kilikuwa cha mwisho, cha zamani, pembe imeingia unyevu. Vipya nilikuwa nimeviagiza tangu mvua zilizopita.

Akashuka nacho mkononi. Nakumbuka alisimama chini ya taa yangu ya bomba, miwani juu ya paji la uso, akanionyesha kana kwamba na mimi ni mtaalamu.

"Shemeji, hebu nisaidie. Doa hili ama ni uchafu wa karatasi, ama ni kisiki. Kama sanduku lilikaa kwenye baridi tangu lilipofika, ni uchafu, na analogi ni nzima. Kama lilikaa nje, nusu yake imekufa. Liliingia lini?"

Daftari lilikuwa wazi mbele yetu. Hakulitazama. Angelitazama ningesema daftari ndilo lililodanganya, si mimi. Alinitazama usoni.

"Ijumaa, shemeji," nikasema. "Nililipokea mwenyewe."

"Lilikuwa na barafu?"

"Tele."

Akashusha pumzi, akakikunja kikaratasi akakitupa kwenye pipa langu. "Haya. Basi nimemwonea Picha bure. Mara moja katika miaka kumi na moja si haba." Akaegemea rafu akifikiri. "Unajua, naitrojeni si mbaya kwa huyu kaidi wa Sweta. Kama ni nzima, kila kisima ni bahati. Nikimwibia safu mbili nitakuwa nimemwibia mtoto bahati ishirini na nne kwa ajili ya ubishi wangu. Safari hii sitii ziada."

Hapo palikuwa na nafasi. Pipa lilikuwa miguuni mwangu, yeye alikuwa bado hajafika mlangoni, na neno lenyewe lilikuwa moja, Jumanne. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, hatua sita kutoka meza hadi ngazi, na alizipanda nikisikia viatu vyake.

Siku iliyofuata aliangusha matone tisini na sita bila kukohoa, Sweta akimshikia taa. Safu ya nane akaipa ya mgeni kama zile saba. Tyubu ilipokwisha waliigeuza juu chini, wakaipigapiga kwa kidole, wakatazamana wakacheka.

Siku ya kumi na tisa fuwele zikatoka. Jengo zima lilipanga foleni kwenye hadubini. Nilichungulia na mimi, nikaona vijiti vyembamba vinang'aa, na nikasema moyoni kumbe hakukuwa na neno, kumbe joto la siku zile si kitu, na nikajisamehe haraka sana. Profesa alivaa koti. Alipigwa picha akiwa ameishika sahani, Sweta akiwa nyuma yake amekatwa nusu uso. Wiki ileile nikahamishiwa chumba cha kona. Dirisha lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, linatazama lango.

Fuwele ziligandishwa kwa baridi kali zikapelekwa nje, kwenye mashine kubwa ya miale. Majibu yalichukua majuma matatu. Shemeji na Sweta walikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wakiizungusha ile picha ya protini, na Shemeji ndiye aliyenieleza baadaye walichokiona. Mfuko ambao analogi ilipaswa kukaa ulikuwa umejaa ukungu. Molekuli moja imefumba mdomo juu ya analogi nzima, ya pembeni yake imeshika kisiki na mdomo wazi, nyingine katikati. Ilikuwa kama picha ya mtu aliyetikisika wakati wa kupigwa. Hakuna umbo, hakuna matokeo, na tyubu ilikuwa tupu.

Profesa hakuwaza hata siku moja. Aliandika taarifa kwa kamati ya masomo kwamba analogi ilikuwa ya kiwango cha juu na ilihifadhiwa ipasavyo, na kwa hiyo kosa ni la mtayarishaji aliyeisafisha protini pasipo umakini ikabaki na uchafu unaokula kila kitu. Akaambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari langu. Mstari wangu ulipigwa wino wa njano: saa tisa na nusu alasiri. Sweta alisoma taarifa ile amesimama kwenye korido. Alianza kujiuliza ni siku gani alikosea. Alirudia madaftari yake ya miezi kumi na minne ukurasa kwa ukurasa akitafuta kosa lake, na masikini kila siku alilipata moja jipya.

Kilichomuumbua Profesa, au kilichopaswa kumuumbua, ni tabia yake. Alikuwa ametengenezesha picha kubwa ya ziara ya Baraza na kuitundika kwenye korido ya ghorofa ya pili, yeye na wajumbe wanane nyuma ya meza yake. Shemeji alipita mbele ya picha ile juma zima akiidharau bila kuitazama. Siku moja akaitazama. Kisanduku cheupe kipo mezani, kifuniko wazi, herufi za bluu zinasomeka, jua la dirishani limekipiga. Na chini pembeni, kamera imeandika tarehe ya Jumatatu.

Alikuja chumbani kwangu hana haraka. Akakaa kwenye kiti cha wageni, maana sasa nilikuwa na kiti cha wageni. Akaomba daftari. Akafungua, akaweka kidole juu ya mstari wangu na kukiacha pale.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole nisiyoizoea, "kesho kamati inakaa. Nitapeleka picha. Watasema kamera hukosea tarehe, watasema daftari lina sahihi, halafu watakuita. Sikuulizi kwa nini. Profesa namjua, alikupa kitu au alikutisha. Hayo tutayazungumza nyumbani, na kaka yako hatajua. Wewe kesho waambie tu siku. Yule mtoto atapewa miezi sita mingine."

"Nimekusikia," nikasema.

"Najua umenisikia."

Nilifikiri usiku ule, sitaki kudanganya kwamba sikufikiri. Lakini mtu mdogo akianza kufikiri hufikiria vitu vidogo. Nilifikiri nikisema Jumanne, nitakuwa nimekiri kughushi daftari la serikali. Nilifikiri Profesa atabaki, kwa sababu watu kama yeye hubaki. Wanasema aliye juu mngoje chini, na mimi nimewangoja wengi hawajashuka. Nilifikiri kule chini panavyonuka unyevu.

Kamati ilikuwa ya watu watano na sahani ya keki. Walifanya kama Shemeji alivyotabiri, neno kwa neno, mmoja akasema hata kamera yake ya nyumbani inakosea tarehe. Wakaniita. Shemeji alikaa upande wa dirisha, Sweta pembeni yake, na daftari langu jeusi katikati ya meza. Mwenyekiti aliniuliza sanduku liliingia friza siku gani. Profesa hakunitazama kabisa, alikuwa anafuta vumbi kwenye mkono wa koti.

"Ilivyoandikwa kwenye daftari," nikasema, "ndivyo ilivyo."

Sikutamka hata Ijumaa. Nilidhani nikilikwepa neno lenyewe nitakuwa sikusema uongo. Mwenyekiti akanishukuru. Sweta akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokwisha kulijua, kwamba kosa lilikuwa lake. Sasa hivi anauza dawa kwenye duka la mjomba wake, na nasikia anapima vidonge kwa uangalifu wa ajabu. Siku aliyoondoka nilimwona kutoka dirishani kwangu akitoka langoni. Lile sweta alikuwa amelivaa, na jua lilikuwa kali.

Nilimngoja Shemeji anitukane, na ulimi ule ungenifaa sana. Asubuhi iliyofuata alikuja dirisha la kupokelea vitu, akaweka fomu yake juu ya kizingiti.

"Bwana Stoo," akasema, "naomba boksi moja la glavu. Saizi ndogo."

Nikampa. Akasaini, akahakiki tarehe, akaenda.

Bado naalikwa kwao Jumapili. Kaka hajui kitu, kama mkewe alivyoahidi. Shemeji ananipakulia chakula kwanza kuliko wote, ananiwekea maji ya kunawa, anauliza hali ya watoto wangu mmoja mmoja. Jumapili iliyopita aliniletea sahani, akainama kwa adabu, akasema, "Karibu, Bwana Stoo." Kaka akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi mashemeji," akasema akifuta machozi, "utani wenu hauishi."

Nikacheka na mimi.